JE, UWONGO WA MCHEZONI NI UWONGO?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeweka mizani baina ya waja wake ili wasidhulumiane, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Ahli zake na Masahaba zake. Ama baad.

Swali lililo juu ya maandishi haya limeletwa mbele ya darsa letu na vijana wa hapa Thika, nasi tumeona kuwa si swali la kupuuzwa. Vijana hao hukutana katika vyumba vya michezo ya video vilivyoenea katika mji huu na kwa jirani zetu wa Ruiru, ambako mtu hulipa fedha kidogo, akapewa kiti mbele ya televisheni, akashindana na mwenziwe. Katika vyumba hivyo, na katika simu wanazotembea nazo mifukoni, kuna hesabu ya alama, na aliyepata alama nyingi kuliko wote husifiwa na kutajwa kwa jina. Sasa imetokea, kama itokeavyo kila penye sifa, kwamba wako wanaojipatia sifa hiyo kwa njia isiyo yake. Mmoja huonyesha picha ya alama alizozitengeneza mwenyewe katika simu. Mwingine hucheza kwa programu iliyopotolewa ndani yake, ikampa nguvu asizokuwa nazo. Wa tatu hudai ushindi wa jana ambao hakuna aliyeushuhudia. Wakiulizwa husema, "Si ni gemu tu?" Ndipo wenzao wakauliza: je, mtu huyu ana dhambi? Na sisi tuliodanganywa, tumedhulumiwa kitu, au hatukudhulumiwa chochote?

Majibu mawili yalipatikana papo hapo. Mzee mmoja alisema: "Mchezo wenyewe ni upuuzi. Kutafuta ukweli ndani ya upuuzi ni sawa na kutafuta usafi ndani ya jaa." Kijana mmoja naye akasema: "Mchezo haumo katika mambo ya kweli, basi na uwongo wake nao ni mchezo." Tazama, ndugu msomaji, jinsi wawili hawa wasiokubaliana juu ya jambo lolote walivyokutana mahali pamoja! Wote wawili wasema kwamba iko pembe katika maisha ya binadamu ambayo ukweli hauna kazi ndani yake. Mzee aifunga pembe hiyo kwa hasira, na kijana aingia ndani yake kwa furaha, lakini ramani yao ni moja. Sisi twasema kwamba pembe hiyo haipo, na makusudio ya maandishi haya ni kulidhihirisha hilo.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo, kwani wazee wengi huliona kutoka mlangoni tu. Mashindano ya alama hayakuanzia kwetu. Mwaka 1978 Wajapani walitoa mchezo uitwao Space Invaders, uliotiwa ndani ya kabati lenye kioo. Mtu hutia sarafu, akacheza mpaka ashindwe. Mashine ile ilionyesha juu ya kioo chake hesabu kubwa kuliko zote iliyokwisha kupatikana, ili kila ajaye aione na atamani kuipita. Mwaka 1979 ukaja wa Wamarekani uitwao Asteroids, ukampa mshindi ruhusa ya kuandika herufi 3 za jina lake. Kisha ukaja Pac-Man mwaka 1980, na Donkey Kong mwaka 1981. Mwaka huo huo wa 1981 mtu aitwaye Walter Day alifungua chumba cha mashine hizo katika mji mdogo wa Ottumwa, jimbo la Iowa, akakiita Twin Galaxies. Na mwaka 1982 akaanza kuweka daftari la alama za nchi nzima. Daftari hilo likapata heshima hata wenye kitabu cha Guinness wakalitegemea. Mwaka 1984, katika mji huo huo, kijana aitwaye Tim McVey alicheza mchezo wa Nibbler kwa sarafu moja muda wa saa zipatazo 44, akapita alama 1,000,000,000. Na mwaka 1999 Billy Mitchell alipata alama 3,333,360 katika Pac-Man, ambazo ndizo za mwisho ziwezazo kupatikana humo.

Kwetu mashine za kutia sarafu hazikuenea sana. Jambo hili limetufikia kwa njia ya PlayStation na ya simu. Lakini limetufikia kwelikweli. Mwaka 2018 binti wa Kenya, Sylvia Gathoni, alisajiliwa na timu ya kigeni kwa ustadi wake katika mchezo wa Tekken 7. Na mwaka 2024 mji wa Riyadh ulikusanya wachezaji wa dunia nzima kushindania zawadi zilizopita dola 60,000,000. Asiseme mtu, basi, kwamba haya ni mambo ya watoto wachache waliotoroka shule. Ni soko, na ni cheo, na penye soko na cheo hapana budi pawe na mizani.

Sasa tuje kwa mzee wetu. Je, ni kweli kwamba mchezo wote ni upuuzi ulio nje ya sharia? Haiwi hivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindanisha farasi Madina. Wale waliotayarishwa kwa mazoezi walikimbia kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, na wale wasiotayarishwa walikimbia kutoka Thaniyyatul-Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zureiq. Zingatia jambo hili: kila aina iliwekewa masafa yake, na mwanzo na mwisho ukatajwa kwa jina, ili pasiwe na ubishi. Alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa mara moja na akashinda mara nyingine. Alipigana mieleka na Rukana akamwangusha. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani na bara yetu, waliutazama mchezo wa sataranji wakasema kuwa wachukiza bila ya kuharimishwa, maadamu hauna dau wala haumpotezei mtu Sala; ukiingia dau, ukawa haramu. Kwa kipimo hicho twaona kwamba mchezo wa kioo usio na dau, wala uchafu, wala kupoteza Sala, hautolewi katika mipaka ya michezo mingine. Anayedai kuwa wote ni haramu na alete dalili.

Hapa pana jambo moja ambalo vijana wetu hawalisikii vizuri. Katika vyumba hivi kuna desturi ya kwamba anayeshindwa ndiye anayewalipia wote wawili. Wao huiita desturi ya kuchangamsha mchezo. Sisi twaiona kuwa ni mlango wa kamari uliopakwa rangi nyingine, kwani kila mmoja huketi akiwa baina ya kupata na kupoteza fedha kwa sababu ya ushindi. Njia ya salama ni nyepesi: kila mtu na ajilipie, na kama pana zawadi, itolewe na mtu wa tatu asiyecheza.

Basi mchezo umo ndani ya sharia, una halali yake na haramu yake. Na kitu kilichomo ndani ya sharia hakiwezi kuwa nje ya ukweli. Hapo hoja ya mzee imekwisha, na tumebaki na kijana.

Kijana ana hoja iliyo na nguvu zaidi, na haifai tuipite kwa haraka. Yeye husema: "Mchezo wote ni hila. Mpiga mpira hupiga chenga, akamwonyesha mlinzi kushoto naye akaenda kulia. Mcheza bao huficha nia yake mpaka mwenziwe akanasa. Je, huo si uwongo? Na kama huo wakubaliwa na wote, vipi uwongo wangu wa alama ukatazwe?"

Twamjibu kwamba amechanganya vitu viwili visivyofanana. Chenga hutokea ndani ya mchezo, baina ya watu wawili walioingia wakijua kwamba chenga ni sehemu ya makubaliano yao. Anayepigwa chenga hakudanganywa juu ya mpira; alishindwa kuufuata. Naye aweza kuilipa hapo hapo. Lakini anayesema, "Mimi nilipata alama milioni 1," na hali hakuzipata, huyo hachezi tena. Amekwisha kutoka mchezoni, amesimama mbele ya watu, naye anatoa khabari ya jambo lililotokea. Na khabari ama ni kweli ama ni uwongo, haina mlango wa tatu. Wazee wa bao walilifahamu hili kabla yetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji ana ruhusa ya kumzungusha mwenziwe kwa fikra mpaka kizunguzungu kimshike, lakini hana ruhusa ya kuficha kete moja mkononi. Hila ya kwanza huitwa ubingwa, na ya pili huitwa wizi, na hakuna baraza lolote la bao lililopata kuyachanganya majina hayo.

Tuzidi kwenda mbele. Alama ni kitu gani? Mwizi wa ng'ombe amefanya haramu, lakini ng'ombe anao, na nyama yake italiwa. Aliyeiba fedha ana fedha. Ama aliyetengeneza alama za uwongo, ana nini mkononi? Hesabu ile juu ya kioo hailiki wala haivaliki. Thamani yake yote, tangu mwanzo hata mwisho, ni moja tu: kwamba yashuhudia jambo lililofanywa na vidole na macho na subira ya mtu. Alama ni ushahidi na si kitu kingine. Ukiutoa ukweli katika ng'ombe aliyeibwa, hubaki ng'ombe. Ukiutoa ukweli katika alama, hakibaki chochote. Kwa hiyo yule asemaye kwamba ukweli hauna kazi katika alama za mchezo amelipindua jambo juu chini, kwani alama za mchezo ni miongoni mwa vitu vichache duniani ambavyo havina kitu kingine ndani yake ila ukweli.

Kila mwenye kwenda sokoni Thika aijua gorogoro, na aijua ile iliyobonyezwa chini ili ionekane kamili na hali imepungua. Mwenyezi Mungu ameiteremsha sura nzima kwa jina la wapunjao vipimo, Suratul-Mutaffifin, na adhabu iliyotajwa humo haikukadiriwa kwa wingi wa nafaka iliyopunjwa. Mtu aweza kupunja konzi moja ya maharagwe, kitu ambacho angekiomba angepewa bure. Ubaya wake si konzi ile. Ubaya wake ni kwamba amekiharibu kipimo, na kipimo ni mali ya watu wote. Na anayebonyeza alama za mchezo amekibonyeza kipimo cha wenziwe vivyo hivyo.

Kijana atasema: "Lakini ni nani aliyeumia?" Swali hili lina majibu kutoka katika mashindano yenyewe, nasi twayatoa bila ya kumhukumu mtu, kwani nia za watu zajuliwa na Mola wao.

Katika daftari la Twin Galaxies kulikuwako kwa miaka mingi rekodi ya mchezo wa Dragster, sekunde 5.51, iliyoandikwa kwa jina la Todd Rogers tangu mwaka 1982. Hakuna aliyeweza kuifikia. Mwisho akatokea mtaalamu aliyeufungua mchezo wenyewe, akapima hatua zake zote ndani ya programu, akaona kwamba hakuna awezaye kupungua sekunde 5.57, hata vidole vyake viwe kama vya mashine. Mwaka 2018 daftari likaifuta rekodi ile. Mwenyewe alishikilia kwamba aliipata kwa haki. Sisi twauliza jambo moja tu: ikiwa mambo ni kama daftari lilivyoamua, ni nani aliyeumia muda wa miaka 35? Ni kila mtu aliyefika sekunde 5.57, yaani aliyefika kilele cha mlima kwa miguu yake, akaketi pale akijiona dhaifu kwa kuutazama mlima mwingine usiokuwapo. Alikuwa wa kwanza, naye akajihesabu wa pili. Je, hii si dhulma? Mwizi wa mali humwachia aliyeibiwa elimu ya kwamba ameibiwa. Uwongo wa namna hii humnyima hata elimu hiyo.

Kisa cha pili ni cha Donkey Kong. Mwalimu wa shule aitwaye Steve Wiebe, asiyejulikana na mtu, alipeleka kanda ya video yenye alama zaidi ya milioni 1. Kama ilivyosimuliwa katika filamu ya The King of Kong ya mwaka 2007, kanda yake ilitiliwa shaka, mashine yake ikaendewa nyumbani na kuchunguzwa, akatakiwa acheze hadharani mbele ya watu. Akaenda, akacheza. Kisha ikaletwa kanda ya Billy Mitchell, bingwa mashuhuri, yenye alama nyingi zaidi, nayo ikapokewa. Mwaka 2018 Twin Galaxies walizifuta alama zote za Mitchell, wakisema kwamba kanda zake hazikulingana na picha zitokazo katika mashine ya asili, na wakamtambua Wiebe kuwa ndiye wa kwanza kufika milioni. Mitchell amekana siku zote. Mwaka 2020 Guinness walimrudishia alama zake, na mwaka 2024 yeye na Twin Galaxies walipatana nje ya hukumu, alama zake zikawekwa katika kumbukumbu zao za kale.

Sisi hatukuwako, wala si kazi yetu kusema nani mkweli. Lakini liko kosa lililo dhahiri ambalo halihitaji hukumu juu ya Mitchell, nalo ni kwamba vipimo vilikuwa viwili. Asiyejulikana alifunguliwa mashine yake, na mashuhuri akapokewa kanda yake. Waislamu wana elimu kubwa katika mlango huu, laiti tungeikumbuka. Wanavyuoni wa Hadithi hawakumpokea mtu kwa umashuhuri wake. Walimtazama mpokezi mmoja mmoja katika sanad: uadilifu wake, hifadhi yake, na kama kweli alikutana na yule anayepokea kwake. Mtu mcha Mungu mwenye hifadhi mbaya aliachwa, juu ya ucha-Mungu wake. Na Imam Malik amepokewa kwamba hakuruhusu elimu ichukuliwe kwa mtu anayesema uwongo katika mazungumzo ya kawaida ya watu, hata kama hakupata kutuhumiwa kumzulia Mtume. Fahamu maana yake, ewe kijana: kwa Imam Malik haikuwako pembe ya maisha iitwayo "hapa ni mzaha tu." Uwongo wa barazani ulimfuata mtu mpaka msikitini. Na Sayyidna Umar alipomwandikia Abu Musa Al-Ash'ari juu ya kuhukumu, alimuusia awaweke wagomvi sawa katika kikao chake na katika uso wake, ili mkubwa asitumaini upendeleo wala mnyonge asikate tamaa. Basi mwenye kuliweka daftari la alama katika chumba cha michezo cha Makongeni ni kadhi mdogo, ajue asijue.

Ama juu ya mzaha wenyewe, mafundisho ya Mtume hayakuacha nafasi ya shaka. Yeye alitania na Masahaba zake, wala hakutoka katika ukweli. Akamwonya vikali mwenye kusema uwongo ili awachekeshe watu. Na imepokewa kwamba mwanamke mmoja alimwita mtoto wake aje ampe kitu; Mtume akamuuliza amekusudia kumpa nini; akasema ni tende; naye akamfahamisha kwamba lau hakuwa na la kumpa, angeliandikiwa uwongo. Tafakari! Mama, na mtoto mdogo, na tende moja. Hakuna soko hapo, wala mahakama, wala zawadi ya dola. Hata hivyo kipimo ni kile kile. Ikiwa tende ya mtoto imo ndani ya daftari la Malaika, seuze alama ambazo mtu azitangaza mbele ya mji mzima ili asifiwe?

Na sababu yake yaonekana kwa macho. Mtoto hajifunzi ukweli katika mambo makubwa, kwani mambo makubwa hayajamfikia. Hujifunza katika gololi, na katika mpira wa matambara, na katika gemu. Huko ndiko ajifunzapo kushindwa bila ya kusema uwongo, au kusema uwongo ili asishindwe. Akikua, mkono ule ule huingia katika mambo mengine. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka 2016 nchi yetu, ambayo wakimbiaji wake ni fakhari ya Afrika, ililazimika kutunga sheria ya kupambana na dawa za kuongeza nguvu, baada ya wakimbiaji wake kadha wa kadha kupatikana nazo. Je, watu hawa walianza udanganyifu siku ile ya mtihani au ya mbio? Au walikuwa wamekwisha kuzoezwa mapema, mahali ambapo wazee walisema ni upuuzi, na wenzao wakasema ni gemu tu? Kesho huyo huyo ndiye atakayesimama kwenye mizani kupima buni ya mkulima. Mkulima ataitazama namba juu ya mizani kama vijana wanavyoitazama namba juu ya kioo, hana njia ya kujua ila uaminifu wa aliyeisoma.

Tumekwisha kusema kwamba uwongo wa mchezoni ni uwongo. Lakini haitakuwa insafu tuishie hapo, ikafahamika kwamba alama za kweli, kwa kuwa ni za kweli, basi zatosha kuwa lengo la maisha. Ukweli ni sharti la kila jambo jema, lakini si kila jambo la kweli lina thamani ya kulipiwa umri.

Tumetaja saa 44 za Tim McVey. Ni kweli, na subira yake ni ya kustaajabisha. Na lau sisi tungekuwa na subira hiyo katika kutafuta elimu tungekuwa watu wengine. Lakini katika saa 44 hupita nyakati za Sala zipatazo 9. Kijana Mwislamu anayetamani jambo kama hilo na ajiulize atazipeleka wapi. Na ajiulize pia juu ya tabia ya hesabu yenyewe. Aliyepata elfu hutaka laki, na aliyepata laki hutaka milioni, na wa milioni hulala akiogopa kwamba yuko mtu asiyemjua, katika mji asioujua, anayecheza usiku huu ili ampite. Suratut-Takaathur yatuonya juu ya kushindania wingi kunakomshughulisha mtu mpaka kaburini. Mfasiri aliyefikiri kwamba wingi ni wa mali na watoto peke yake na aingie katika vyumba vyetu vya michezo, ataona wingi wa namba tupu ukifanya kazi ile ile.

Na katika mashine zenyewe mna mawaidha, kwa mwenye kutazama. Pac-Man ina meza 256. Mchezaji akiifikia ya 256, nusu ya kioo huvurugika ikawa herufi na rangi zisizo na maana, kwa sababu mahali palipowekwa kuhesabia meza hapawezi kubeba zaidi ya 255. Hata mtu awe hodari namna gani, hesabu yenyewe ina ukingo, na akifika ukingoni hakuna mfalme anayemngojea, ila kioo kilichovunjika hesabu. Na zile mashine nyingi za zamani, ambazo watu walikesha ili waandike herufi 3 za majina yao, zilipozimwa umeme usiku majina yote yalifutika. Mtume alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, asiyeweza kupitwa. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia mchanga akampita, Masahaba wakahuzunika. Mtume akawafahamisha kwamba ni desturi ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu chochote cha dunia ila atakishusha. Hakukasirika, hakubisha, wala hakutafuta udhuru. Huo ndio ubingwa tunaoutaka kwa vijana wetu.

Kwa hiyo twawanasihi watu wanne. Wewe mwenye chumba cha michezo, usiandike jina ubaoni mpaka wawepo mashahidi wawili waliouona mchezo mwenyewe, tajiri na maskini kwako wawe sawa, na usiku wa manane usimweke mtoto wa watu. Wewe kijana, ukishindwa sema, "Nimeshindwa". Neno hilo ni gumu kuliko alama milioni, na aliyelizoea mchezoni halitamshinda mbele ya kadhi. Na ukimtuhumu mwenzio, hakikisha kwanza, kwani kumzulia mkweli ni uwongo pia. Wewe mzazi, usiulize tu, "Ulikuwa wapi?" bali uliza pia, "Ulicheza vipi?" Nawe mzee wetu, usipite mlangoni ukatema mate. Ingia, keti, tazama. Pale pana vijana wanaofundishana kila siku maana ya ushahidi, bila ya mwalimu. Ukiwaacha peke yao kwa kuwa mahali pale hapakupendezi, usistaajabu watakapokuja sokoni na gorogoro zilizobonyezwa.

Na mwisho wa hayo, iko hesabu moja ambayo haina kanda ya kughushiwa, wala programu ya kupotolewa, wala umeme wa kuzimwa. Humo kimeandikwa kidogo na kikubwa, mchezo na kazi, tende na ng'ombe. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika mambo tunayoyaona madogo, ili tusiaibike katika yaliyo makubwa. Amin. Wa billahit-tawfiq.